Uvimbe wa Titi na Safari ya Kinyama Kutoka Ufipa

Uvimbe mwingi unaoguswa katika titi la mwanamke si saratani, na jambo hilo linastahili kutangulizwa kwa sababu woga ndio unaowafanya wengi wafunge midomo na kuuficha uvimbe mpaka wakati wa kutibika kwa wepesi umepita. Hata hivyo hakuna mkono, uwe wa mama mzazi, wa mganga wa jadi au wa daktari bingwa, unaoweza kuthibitisha kwa kupapasa tu kwamba uvimbe fulani hauna hatari. Uthibitisho huo hutolewa na patholojia, yaani tawi la tiba linalochunguza jinsi ugonjwa unavyozibadili seli na tishu za mwili, baada ya kipande kidogo cha nyama, ambacho hospitalini huitwa kinyama, kusomwa chini ya hadubini. Kwa mwanamke wa Msanzi, wilayani Kalambo katika uwanda wa juu wa Ufipa, hadubini hiyo iko mbali, na umbali huo unamdhuru sawasawa na ugonjwa wenyewe.

Titi hukaa juu ya msuli mpana wa kifua, kati ya ubavu wa pili na wa sita, na sehemu yake moja hurefuka kuelekea kwapani, ndiyo maana uvimbe wa karibu na kwapa haupaswi kupuuzwa hata kama titi linaonekana zima. Ndani yake mna tezi zinazotengeneza maziwa, nyuzi ngumu zinazolishikilia titi kwenye ngozi na msuli, na mafuta yanayojaza nafasi iliyobaki. Tezi zimegawanyika katika mafungu 15 hadi 20, kila fungu likiwa na vifuko vidogo sana vya kutengenezea maziwa na mifereji inayoyafikisha kwenye chuchu. Vifuko na mifereji hiyo imetandikwa tabaka mbili za seli: za ndani, ambazo katika vifuko ndizo zinazotoa maziwa, na za nje zinazojikaza ili kuyasukuma, na nje ya tabaka hizo kuna utando mwembamba unaozitenganisha na nyama ya jirani. Msomaji aukumbuke utando huo, kwa kuwa hatima ya mgonjwa hutegemea sana kama umevukwa au haujavukwa. Mahali pengine pa kukumbukwa ni pale kijifereji cha mwisho kinapokutana na vifuko, kwa sababu magonjwa mengi ya titi, mabaya na yasiyo mabaya, huanzia hapo.

Titi halitulii katika umri wote wa mwanamke. Homoni za estrojeni na projesteroni hulikuza wakati wa kuvunja ungo, hulijaza na kulilegeza kila mwezi, hulibadilisha kabisa katika ujauzito na unyonyeshaji, na zinapopungua baada ya hedhi kukoma, tezi husinyaa na mafuta huchukua nafasi yake. Maumivu ya matiti yote mawili yanayokuja siku chache kabla ya hedhi na kuondoka yenyewe kwa kawaida hutokana na mabadiliko hayo, wala si dalili ya saratani.

Katika magonjwa yasiyo ya saratani, linalowapata zaidi wasichana na wanawake wa chini ya miaka 35 ni fibroadenoma, yaani uvimbe wa mviringo unaotokana na tishu za tezi na za nyuzi zikikua pamoja, wenye mpaka unaotambulika, usiouma, na unaoteleza chini ya vidole ukisukumwa. Wanawake wa kati ya miaka 30 na 50 hupata zaidi vifuko vya maji pamoja na ugumu wa nyuzi, hali inayolifanya titi lihisiwe kuwa na vinundu vingi, hasa hedhi inapokaribia. Damu inayotoka kwenye tundu moja la chuchu mara nyingi husababishwa na papiloma, kiotea kidogo ndani ya mfereji, ingawa dalili hiyo daima hutaka uchunguzi. Pigo la kifuani nalo huweza kuyafanya mafuta ya titi yafe na kuacha donge gumu ambalo hata daktari mzoefu hulishuku. Kifua kikuu, ugonjwa unaofahamika mno nchini, huweza kushambulia titi pia na kuacha vidonda vinavyotoa usaha bila kupona. Karibu yote haya hayageuki kuwa saratani. Kinachowatia wataalamu wasiwasi ni seli za mfereji au za vifuko zinapoongezeka na wakati huohuo kupoteza umbo lake la kawaida, kwa maana hali hiyo huzidisha uwezekano wa saratani baadaye kwa takriban mara nne.

Jipu la titi linahitaji maelezo ya pekee, kwa kuwa ndilo linalopoteza muda wa watu wengi. Mama anayenyonyesha akipata ufa kwenye chuchu, vijidudu, hasa stafilokoka, huingia na kulifanya titi liwe jekundu, la moto na lenye maumivu makali, pamoja na homa. Dawa za kuua bakteria hulitibu, usaha hutolewa, na mama huendelea kumnyonyesha mtoto. Lakini ipo aina ya saratani inayojifanya jipu: titi huvimba upesi, huwa la moto, na ngozi yake hunenepa na kuonyesha vitundu vidogo vidogo mithili ya ganda la chungwa, kwa sababu seli za saratani zimeziba mishipa inayochukua limfu, yaani majimaji meupe ya mwilini, na majimaji hayo hayana pa kupitia. Kwa hiyo jipu lisilopoa baada ya majuma mawili ya dawa zilizotumiwa ipasavyo, na zaidi kwa mwanamke asiyenyonyesha, lisiendelee kubandikwa mizizi wala kubadilishiwa vidonge tu, bali lichukuliwe kinyama.

Saratani yenyewe huanza pale seli ya mfereji au ya kifuko inapopata hitilafu katika jeni zake na kuanza kugawanyika bila kutii amri ya mwili. Kwa muda seli hizo hujazana ndani ya mfereji bila kuuvuka ule utando, na katika kipindi hicho hazina njia ya kusafiri kwenda kwingine. Zikiuvuka, ugonjwa huitwa saratani vamizi, na takriban visa saba kati ya kumi vya aina hii havina sura maalumu zaidi ya kufanana na seli za mfereji. Aina inayofuata kwa wingi, ya vifuko, hupoteza protini inayozishikanisha seli, hivyo seli hupenya mojamoja kwa mistari na huenda zisifanye donge la kuguswa hadi zimeenea. Sehemu kubwa ya limfu ya titi huelekea kwapani, na matezi ya huko yakivimba, watu huyaita mitoki na kuyahusisha na kidonda cha mkono, ilhali yanaweza kuwa kituo cha kwanza cha saratani inayosafiri. Baada ya hapo hufuata mifupa, mapafu, ini na ubongo. Mwaka 1889 daktari wa upasuaji wa London, Stephen Paget, alipochunguza kumbukumbu za wanawake zaidi ya 700 waliokufa kwa saratani ya titi, aligundua kwamba ugonjwa haukuenea kwa bahati tu, bali ulichagua viungo, akafananisha seli zinazosafiri na mbegu, na viungo vinavyozipokea na udongo.

Mwaka huohuo wa 1889 Adrien Atiman, mzaliwa wa Afrika Magharibi aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa utabibu huko Malta, alifika Karema kando ya Ziwa Tanganyika, akawatibu watu wa pwani ile na wa nyanda zilizo juu yake hadi alipofariki mwaka 1956. Utumishi wake unaonyesha kwamba tiba ya kisasa si mgeni wa jana katika eneo hili. Kinachopungua ni ule ugunduzi wa mapema, kwani tathmini ya huduma za titi iliyofanywa Tanzania na kutolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya wagonjwa hugunduliwa katika hatua ya tatu au ya nne. Uvimbe wa mwanzo hauumi, na kitu kisichouma hakimtoi mtu shambani msimu wa ntumba, wakati majani yanapofukiwa kwenye matuta na mikono yote inahitajika.

Mwanamke akifika hospitali ya mkoa Sumbawanga, kinachofuata ni kazi ndogo inayotaka uangalifu mkubwa. Ngozi hutiwa ganzi, kisha sindano nene yenye springi hukata vipande vyembamba vyenye urefu wa sentimita moja au mbili, navyo hutumbukizwa mara moja katika kichupa cha formalini ya asilimia 10, ambayo kiasi chake kinapaswa kuzidi nyama angalau mara kumi. Formalini huzuia kuoza na kuzigandisha protini zilipo. Kinyama kilichocheleweshwa hewani, kilichotiwa maji ya chumvi, au kilichokaa katika formalini kwa chini ya saa 6 au zaidi ya saa 72, huweza kutoa majibu ya uongo kuhusu vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli ambazo homoni hushikamana nazo. Mkoa huu wa Rukwa unapokea huduma za rufaa za kanda huko Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara ipitayo Laela na Tunduma, na saa ya formalini huhesabiwa njiani pia; kwa sababu hiyo muda wa kuchukua kinyama huandikwa kwenye kichupa pamoja na jina, umri na upande wa titi. Maabara hukausha kinyama kwa alkoholi, hukizamisha katika nta ya parafini, hukikata kwa unene wa mikroni 3 hadi 5, na kukipaka hematoksilini inayovipa viini vya seli rangi ya zambarau na eosini inayoipa sehemu iliyobaki rangi ya waridi.

Karatasi ya majibu ina mambo mawili yanayochanganywa mno, hata na wahudumu. Daraja hupimwa kwa hadubini: mtaalamu hutoa alama 1 hadi 3 kwa uwezo wa seli kutengeneza mifereji, kwa umbo la viini, na kwa wingi wa seli zinazogawanyika; jumla ya 3 hadi 5 ni daraja la kwanza, 6 au 7 la pili, 8 au 9 la tatu. Hatua hueleza ugonjwa umefika wapi mwilini: ukubwa wa uvimbe, hali ya matezi, na kuenea kwenye viungo vingine. Uvimbe mdogo wa hatua ya kwanza unaweza kuwa wa daraja la tatu, na mgonjwa wake anahitaji kuharakishwa hata kama hajisikii vibaya.

Mistari ya mwisho ya karatasi ndiyo inayochagua dawa. Mwaka 1896 daktari wa upasuaji George Beatson wa Glasgow alieleza jinsi alivyomtoa mgonjwa ovari, na saratani ya titi iliyokuwa imekithiri ikanywea. Baadaye ilibainika kwamba seli nyingi za saratani hiyo zina vipokezi vya estrojeni na huishi kwa kuitegemea. Mwenye vipokezi hivyo, baada ya upasuaji na tiba nyingine atakazohitaji, huweza kupewa tamoksifeni, kidonge cha miligramu 20 kwa siku kwa miaka 5 au zaidi, ambacho humezwa nyumbani Msanzi huku akirudi kliniki kwa tarehe alizopangiwa. Mwenye protini nyingi ya HER2 kwenye seli za saratani anahitaji dawa ya trastuzumabu. Asiye na vipokezi vya homoni wala HER2, hali inayowapata wanawake wa Kiafrika kwa kiwango kikubwa kuliko wa Ulaya, hufaidika na tibakemikali, na kidonge cha tamoksifeni hakimsaidii kitu. Majibu yakirudi Sumbawanga bila kutaja vipokezi, mgonjwa ana haki ya kuuliza na daktari ana wajibu wa kuviomba, kwani kinyama kilichohifadhiwa katika nta kinaweza kukatwa na kupimwa tena, hata baada ya miaka, bila mwanamke huyo kuchomwa sindano nyingine.