JE, WAJUA? Damu haisafiri peke yake

Nyundo, wilayani Rubavu nchini Rwanda, wengi huijua kwa kanisa lake kuu, shule yake ya sanaa na Mto Sebeya. Leo tuitazame kwa jicho la mtu anayekunja mkono wa shati achangie damu. Je, wajua kuwa…

1. Zamani Wanyarwanda waliotaka udugu usiovunjika walifanya kunywana: kila mmoja alionja tone la damu ya mwenzake. Kiapo hicho ndicho igihango. Waswahili wangewaita ndugu wa kuchanjiana. Siku hizi damu inaunganisha watu wasiojuana hata kwa sura.

2. Chembe nyekundu huelea ndani ya plazma, majimaji ya manjano yaliyobeba kingamwili, askari wa mwili. Askari wa mtu wa kundi A hushambulia B, wa B hushambulia A, na wa O hushambulia zote mbili. Mwenye AB hana askari wa aina hiyo.

3. Mtoto mchanga bado hajatengeneza askari hao. Huanza akiwa na miezi 3 hadi 6, mwili wake unapozoeana na bakteria wa tumboni wenye alama zinazofanana na za A na B.

4. "O humpa kila mtu" ni nusu ya ukweli. Chembe nyekundu za O, hasa O hasi, ndizo zinazokimbiliwa wakati wa dharura. Lakini plazma ya O yenye askari wengi inaweza kupasua chembe za mgonjwa wa A au B.

5. Wingi wa askari hao hupimwa kwa subira. Mtaalamu wa maabara hupanga mirija mstari mmoja. Huchanganya plazma na maji ya chumvi nusu kwa nusu, huchota sehemu ya mchanganyiko huo na kuuzimua tena kwenye mrija wa pili, wa tatu, wa nne. Kisha hudondosha chembe za A. Mrija wa mwisho ambamo chembe bado zinashikana mafungu mafungu ndio unaotoa jibu, yaani plazma imezimuliwa hadi sehemu moja kati ya ngapi: 64, 128 au 256. Watu wawili wa O, wote wazima wa afya, wanaweza kupishana mbali kabisa.

6. Dunia haina mpaka mmoja wa usalama: kwingine ni 128, kwingine 256. Kinga nyingine ni kuitenganisha damu. Chembe nyekundu huondolewa sehemu kubwa ya plazma na kuwekwa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6, plazma ikagandishwa. Hivyo mchango mmoja unaweza kufaa zaidi ya mgonjwa mmoja.

7. Ujauzito nao huweza kuacha kingamwili dhidi ya chembe nyeupe za watu wengine. Plazma ya namna hiyo, kwa nadra, huweza kujaza maji mapafu ya anayeongezewa. Tangu 2003 Uingereza ilianza kutanguliza plazma ya wanaume, na visa hivyo vikapungua. Akina mama wasiogope: chembe zao nyekundu zinahitajika vilevile.

8. Kuna kingamwili za thamani kubwa. James Harrison wa Australia, aliyefariki 2025, alichangia mara 1,173. Plazma yake ilikuwa na kingamwili inayokinga watoto ambao damu zao hazipatani na za mama zao, na anahesabiwa kuwasaidia watoto milioni 2.4.

9. Mjini Kikwit, Kongo, mwaka 1995, wagonjwa 8 wa Ebola waliongezewa damu ya waliopona. 7 kati yao waliishi. Wanasayansi walisita kusema ni damu iliyowaponya. Baadaye, kutoka kwa mmoja wa waliopona Kikwit, ilipatikana kingamwili iliyozaa dawa ya ansuvimab. Ilijaribiwa mashariki mwa Kongo 2018 na 2019, ikaidhinishwa Marekani Desemba 2020.

10. Kingamwili ni shahidi pia, ila shahidi anayechelewa. Aliyeambukizwa VVU juzi bado hajazitengeneza, na kipimo kinachozitafuta kinaweza kumpita. Ndiyo maana mchangiaji huulizwa maswali ya maisha yake kabla ya sindano.

11. Huduma ya damu salama Rwanda ilianza 1976. Oktoba 2016 ndege zisizo na rubani zilianza kupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga. Sanduku hudondoshwa kwa mwavuli wake. Utafiti uliochapishwa 2022 ulikuta safari huchukua takriban dakika 50, na damu inayoharibika kwa kupitwa na muda imepungua kwa asilimia 67.

12. Usiku wa kuamkia 3 Mei 2023 Sebeya ilifurika, Nyundo ikawa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Zaidi ya watu 130 walifariki nchini. Janga halipigi hodi. Damu inayomwokoa majeruhi wa leo ni ile iliyochangwa jana.

Basi, msomaji, ukiwa na miaka 18 hadi 60, kilo zisizopungua 50 na afya njema, nenda kachangie: mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Na ukiulizwa yale maswali, sema kweli. Kipimo cha kwanza cha damu salama ni ulimi wa anayeitoa.