Mwandishi aliyejifanya mteja wa mganga

Dar es Salaam, tangazo la mganga likibandikwa kwenye nguzo ya umeme, mara nyingi huwa limeandikwa kwamba bingwa huyo katokea Sumbawanga. Huku Katavi tunalicheka, lakini kicheko chenyewe hakiendi mbali. Hadi Machi 2012 Mpanda yetu ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, na Sumbawanga ndiyo ilikuwa makao makuu yetu.

Mwaka 2008 hapakuwa na la kuchekesha. Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa na kukatwa viungo, kwa imani kwamba viungo hivyo huvuta utajiri migodini na ziwani. Vicky Ntetema, wakati huo mkuu wa ofisi ya BBC Dar es Salaam, hakuridhika na taarifa za polisi. Alikwenda kwa waganga mwenyewe, akijifanya mfanyabiashara anayesaka mali.

Hiyo si kazi ya kusoma habari studioni. Unaketi mbele ya mpiga ramli, mtu ambaye riziki yake ni kusoma nyuso za watu, ukiwa na shida ya kubuni, na sura yako isikusaliti. Ntetema aliahidiwa dawa iliyochanganywa na viungo vya binadamu, akatajiwa na bei: kuanzia dola 2,000 za Marekani, zaidi ya shilingi milioni 2 za wakati ule. Kwangu mimi, bei hiyo ndiyo habari yenyewe. Mkulima wa mahindi hana fedha hizo. Tulikuwa tumezoea kuwasema wanakijiji wasio na elimu, kumbe soko lilikuwa na wanunuzi wenye uwezo.

Ripoti ilitoka Julai 2008. Vitisho vikafuata, Ntetema akalazimika kujificha.

Januari mwaka uliofuata suala hilo lilimfikia mtu wetu. Mizengo Pinda, mtoto wa mkulima kutoka Kibaoni, huku kwetu Katavi, na Waziri Mkuu wa wakati huo, alisema hadharani kwamba anayekutwa akimuua mtu mwenye ualbino naye auawe hapohapo. Alipobanwa bungeni Dodoma aeleze kauli hiyo, machozi yalimtoka. Wengi Mpanda walimhurumia, nami simlaumu kwa kulia. Ila kauli ilikuwa mbaya: muuaji akimalizwa porini, jina la aliyemtuma linazikwa naye. Serikali ilifuta pia leseni za waganga wa jadi. Septemba 2009 mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa mauaji ya kijana mwenye ualbino, hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Wanunuzi hawakuwemo kizimbani.

Mwaka 2010 Ntetema alipewa tuzo ya ujasiri ya taasisi ya kimataifa ya wanawake wanahabari, IWMF. Wengi wenye sifa kama hizo hupanda vyeo vya utangazaji. Yeye aliondoka BBC akaenda kuongoza shirika la Under The Same Sun nchini, linalotetea watu wenye ualbino. Mwaka 2016 Marekani nayo ikamtunuku tuzo yake ya wanawake majasiri.

Vijana wa redio zetu hapa Mpanda wanampenda, na wana haki. Lakini Ntetema alikuwa na BBC ya London nyuma yake, na alikuwa na pa kukimbilia. Mwandishi wa wilayani mara nyingi hulipwa kwa habari iliyotoka, hana bima, na pikipiki anayopanda kwenda kwenye tukio huenda ni ya kuazima. Mganga anayemchunguza anaijua nyumba yake, pengine watoto wao wanasoma darasa moja. Mhariri wa Dar es Salaam anayempigia simu usiku akitaka "uchunguzi" kwa asubuhi ya kesho, angeanza kwa kumuuliza usiku huo atalala wapi.