Kitenzi "Believe": Je, Kusadiki ni Kubahatisha?



Likizo iliyopita, tukiwa parokiani, mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo alituletea swali lililomkosesha usingizi. Kijana wake aliye chuoni alikuwa amemwambia, "Mama, wewe una-believe tu, hujui." Kiingereza cha mama si kingi, lakini neno hilo lilimchoma. "Frateri," alituuliza, "kumbe kusadiki ni kubahatisha?" Jibu letu siku ile lilikuwa fupi, wala halikumridhisha. Tuliporudi seminarini tuliamua kulichunguza neno lenyewe.

Matumizi yake

Waingereza hukibebesha kitenzi hiki mizigo mingi. Wakisema "I believe he is at the market", sisi tungesema "Nadhani yuko sokoni": msemaji hana hakika. Wakisema "I believe you", maana yake ni "Nakuamini", yaani nayapokea maneno yako kuwa kweli. Wakiongeza neno "in" na kusema "I believe in you", wanakwenda mbali zaidi: nina imani nawe, nakutegemea. Katika Kanuni ya Imani ndiyo njia hii ya tatu inayotumika. Kosa la kijana yule ni kuchukua maana ya "nadhani" na kuibandika mahali pa "nasadiki".

Hata katika falsafa ya Kiingereza maneno yake hayasimami. Humo "believe" ni kukubali tu kwamba jambo fulani ni kweli. Kwa hiyo, kwa kawaida, anayejua jambo huhesabiwa pia kuwa analiamini. Kujua na kuamini si maadui.

Asili yake

Katika Kiingereza cha kale kitenzi hiki kilikuwa "gelyfan", ndugu wa "glauben" cha Kijerumani. Baadaye kiambishi cha mwanzo kilibadilika kuwa "be". Shina lake lilihusu kukithamini kitu na kukiona cha kupendeka, na ndilo shina lililozaa pia neno "love", yaani upendo. Tukumbuke kwamba asili ya neno si hoja ya kuthibitisha imani, maana maneno hubadilika. Hata hivyo, inatuonyesha kwamba kitenzi hiki hakikuanza kama neno la wasiwasi.

Kiswahili chetu nacho kina utajiri wake. "Amini" imetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi uliotupatia pia imani, amani, amana na uaminifu. Kiebrania kina mzizi huohuo, wenye wazo la uthabiti, na humo ndimo lilimotoka neno tunalofungia kila sala: "Amina". "Sadiki" nayo ni ya Kiarabu, kutoka mzizi wa ukweli, ule ule uliotupatia "sadaka".

Mafundisho ya Mtakatifu Thoma wa Akwino

Katika Summa Theologiae, Mtakatifu Thoma anatofautisha mambo matatu: kusadiki kwamba Mungu yupo, kumsadiki Mungu anaposema, na kusadiki kwa kumwelekea Mungu kama kikomo cha safari yetu. Kwake yeye hayo si matendo matatu, bali ni tendo moja la imani linalotazamwa kwa pande tatu. Anaeleza pia kwamba imani ipo kati ya elimu na maoni. Mwenye maoni hushika upande mmoja huku akihofu kwamba huenda upande wa pili ndio wa kweli. Mwenye imani hushika kwa uthabiti kama mwenye elimu, ingawa bado haoni waziwazi. Hapo ndipo jibu la mama lilipo: kutoona waziwazi si sawa na kubahatisha.

"Nasadiki" au "tunasadiki"?

Maaskofu wa Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, walitamka kwa wingi: tunasadiki. Liturujia ya Kilatini husema "Credo", nasadiki. Waamini wa lugha ya Kiingereza walizoea kusali "We believe" katika Misa, hadi tafsiri mpya ya Misale ilipoanza kutumika Majilio ya 2011 na kurudisha "I believe". Njia zote mbili zina ukweli: imani ni ya Kanisa zima, lakini hakuna awezaye kusadiki kwa niaba ya jirani yake.

Tukirudi parokiani tutamwambia mama hivi: mwanao ametumia neno la sokoni kupimia jambo la altareni. Usigombane naye. Msomee sura ya 9 ya Injili ya Marko, juu ya baba aliyemleta mwanawe mgonjwa kwa Yesu. Kwa pumzi moja baba yule alikiri kwamba anasadiki, na akaomba asaidiwe pale imani yake ilipopungua. Hakusema "nadhani". Naye Yesu alimponya mtoto.