Simu Mkononi Haitoshi

Ni nadra leo kumwona mwanafunzi wa udaktari katika Visiwa vyetu asiyekuwa na simu yenye intaneti. Hilo ni jambo la kheri. Lakini kumiliki chombo si kuwa nahodha, na hatuna budi kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Kuuliza swali katika intaneti kila mtu anaweza. Kutambua ni jibu lipi lililopimwa na wataalamu, na lipi lililoandikwa na mwenye dawa ya kuuza, hiyo ni elimu ya kufunzwa. Tangu 1997 hazina ya PubMed, inayotunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, imekuwa wazi bila ya malipo. Tangu 2002 Shirika la Afya Duniani, kwa mpango wa HINARI, limezifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba ambayo bei yake ingezishinda. Mlango u wazi. Asiyefunzwa kuingia huupita tu.

Tumfikirie daktari kijana aliyepangiwa Micheweni, usiku, mbele ya mtoto mgonjwa, na bingwa wa kumwuliza yuko ng'ambo ya bahari. Dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito wake. Nukta ya desimali ikikosewa mahali pake, kipimo huzidi mara kumi. Uhai wa mtoto yule umo katika kujua pa kutazama na wa kuaminiwa.

Iko pia amana. Picha ya mgonjwa ikishatumwa kwa marafiki hairudi tena. Daktari anayefunzwa kuuzuia ulimi wake afunzwe pia kuuzuia mkono wake.

Wala hatusemi kalamu na daftari zitupwe. Unguja ilikosa umeme kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, na wagonjwa hawakungoja. Daktari kamili hutibu hata kompyuta inapozima.

Kwa hivyo tunawaomba wakuu wa vyuo na wa Wizara inayohusika walipe somo hili saa za kutosha, mwalimu wake, na mtihani wa vitendo wodini, badala ya kuliachia kila kijana ajifunze apendavyo. Simu wanafunzi wamejinunulia wenyewe. Kuwafundisha kuitumia kwa ajili ya mgonjwa ni deni letu.