Pangi: Samaki wa bahari wanafika bila rangi, lakini ndugu zao wako mtoni

Katika soko za Kalima na Pangi, jimboni Maniema, samaki wa bahari ni wa aina mbili tu: makayabo aliyekauka kwa chumvi na tomson aliyetolewa kwenye friji. Mmoja ni mweupe kama chokaa, mwingine ni wa kijivu. Mtoto aliyezaliwa hapa, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka bahari iliyo karibu, anaweza kabisa kuamini kwamba samaki wa bahari hawana rangi.

Kumbe baharini ndiko kwenye rangi nyingi. Kwenye matumbawe ya Bahari ya Hindi, kama kwenye kisiwa cha Mafia nchini Tanzania, kuna samaki wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe wanaolala ndani ya kiumbe chenye miiba ya sumu bila kudhurika. Kati yao mkubwa ni jike. Akifa, dume lake linageuka kuwa jike na kushika nafasi yake. Pono, mwenye kijani na buluu, anatafuna matumbawe kwa meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, na kinachotoka tumboni mwake ni mchanga mweupe. Kongo nayo ina bahari yake huko Muanda, pwani isiyofika kilomita 50, ila pale maji ya mto mkubwa yanaingia na udongo wake, na matumbawe hayapendi udongo.

Rangi inahitaji mwangaza. Kwenye maji safi samaki anamtambua mwenzake, mke au adui, kwa macho. Kwenye mto Lualaba, au Elila inayopita Pangi, maji ni ya kahawia na ukizamisha mkono huoni vidole vyako. Hapo rangi inasaidia kidogo, na samaki walitafuta njia nyingine. Bonde la mto Kongo lina zaidi ya aina 700 za samaki wanaojulikana, na baadhi ni wa ajabu kuliko wale wa matumbawe.

Mfano ni wale wenye mdomo mrefu kama mkonga wa tembo. Mkiani wana kiungo kinachotoa umeme mdogo sana, mtu hausikii. Kwa umeme huo wanajua jiwe liko wapi, mdudu amejificha wapi, na jirani ni nani. Kazi hiyo inataka akili: kwa aina moja iliyopimwa, ubongo unatumia karibu asilimia 60 ya oksijeni yote ya mwili. Kwa binadamu ni karibu asilimia 20.

Nina, yule samaki mnene asiye na magamba, umeme wake ni mambo mengine. Unaweza kupita volti 300, na mvuvi aliyemshika kwa mkono mara moja hana haja ya kuelezwa. Wamisri wa kale walimchora kwenye makaburi yao.

Kuna pia kambale mdogo anayeogelea tumbo juu. Kwa kawaida samaki ana mgongo mweusi na tumbo jeupe. Huyu tumbo lake ndilo jeusi, ili ndege anayetazama kutoka juu asimwone.

Na yuko ndugu halisi wa bahari. Watu wa pwani wanamwita bunju: samaki anayejijaza maji mpaka anakuwa kama mpira. Wengi wa ukoo huo wanaishi baharini, lakini mmoja wao yuko kwenye Ziwa Tanganyika na mto Kongo. Anapita sentimita 60, tumbo la manjano, mgongo wenye michoro inayozunguka kama njia za kupotea. Wazungu wanamnunua ili kumtazama nyuma ya kioo. Kumla ni hatari, kwa sababu ukoo wa bunju unajulikana kwa sumu.

Samaki hawa wote wanategemea mto ambao watu wanauchimba. Maniema imetoa kasiteriti tangu miaka ya 1930, na dhahabu imefuata. Kwenye mto Ulindi, unaopita Shabunda na kumwagia Lualaba, mashine za kunyonya mchanga zilijaa miaka ya 2014 na 2015. Mchanga ukivurugwa, mayai yaliyotagwa kwenye mawe yanafunikwa. Chandarua cha mbu kikigeuzwa wavu kinabeba vifaranga pamoja na wazazi. Dawa ya kulevya samaki haichagui.

Zebaki, ile inayokamata dhahabu, inakaa muda mrefu zaidi. Mdudu anaimeza, samaki mdogo anamla mdudu, na kila hatua kiasi kinaongezeka. Juu kabisa yuko mbenga, mwenye meno 32 na urefu unaopita mita moja, anayekula samaki wenzake. Juu ya mbenga yuko yule anayemnunua sokoni.