Malaria ilivyonaswa katika wodi za askari

Novemba 6, 1880, katika hospitali ya jeshi la Ufaransa mjini Constantine, Algeria, Alphonse Laveran alichukua tone la damu ya askari aliyekuwa akitetemeka kwa homa. Hakulikausha wala kulitia rangi. Aliliweka hivyo hivyo, likiwa bado bichi, chini ya hadubini.

Akaona viduara vyenye chembe nyeusi. Hizo chembe hazikuwa ngeni, kwani madaktari wengine walishaziona kabla yake. Kilichomshtua ni nyuzi nyembamba zilizochomoza pembeni mwa viduara na kuchapachapa huku na huku, zikizisukuma chembe nyekundu za damu zilizokuwa karibu. Kinachojitikisa namna hiyo ni kiumbe hai. Daktari huyo wa kijeshi mwenye umri wa miaka 35 alikuwa amekutana ana kwa ana na kimelea cha malaria.

Wakubwa wa fani hawakumwamini. Wengi walishikilia kuwa homa ile huletwa na hewa chafu ya mabwawa, na huko Italia walikuwapo waliodai kuwa ni bakteria wa udongoni. Ilipita miaka kadhaa kabla hajakubaliwa, na Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1907.

Kwa nini wodi ya askari? Jeshi huwakusanya vijana mahali pamoja, huwapeleka kwenye mbu, kisha huwalaza chini ya daktari asiyeruhusiwa kwenda kwingine. Tena lilikuwa na sababu yake ya kujali, nayo si huruma tupu: katika Vita vya Krimea maradhi yaliua askari wengi kuliko mapigano. Ndivyo Ronald Ross, daktari wa utumishi wa kijeshi wa Uingereza nchini India, alivyokikuta kimelea cha malaria ndani ya mbu mwaka 1897. Miaka mitatu baadaye Walter Reed, meja wa jeshi la Marekani, alithibitisha nchini Cuba kuwa homa ya manjano nayo huenezwa na mbu. Hospitali ya jeshi iliyofunguliwa Washington mwaka 1909 ilipewa jina lake.

China ilichelewa kuanza, ila ndiyo iliyotufikia majumbani. Mwaka 1967 ilianzisha mradi wa siri wa kijeshi, uliopewa namba 523, kutafuta dawa ya kuwaokoa askari wa Vietnam Kaskazini waliokuwa wakimalizwa na malaria msituni. Tu Youyou, mtafiti wa kiraia, alipata artemisinini humo. Lumefantrini, mwenzake ndani ya dawa mseto, ilitoka katika taasisi ya utabibu ya jeshi hilo. Mama anayekabidhiwa dawa hiyo mseto, ALu, dirishani kwenye zahanati ya Kilosa haambiwi lolote kuhusu historia hiyo, na pengine haimhusu. Anachotaka ni homa ya mtoto ishuke.

Hata chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, ilitengenezwa kwa ushirikiano na taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani yenye jina la Reed. Baadhi ya majaribio yake yalifanyika Kombewa, karibu na Kisumu.

Kazi haijaisha. Vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini vimekwishaonekana Rwanda, Uganda na Kagera.