Muziki na Video katika Kupunguza Maumivu ya Mtoto Mdogo Baada ya Upasuaji: Ufafanuzi kwa Muktadha wa Nyabibuye, Kigoma

1.0 Utangulizi

Kata ya Nyabibuye, iliyo katika nyanda za juu za Kigoma, ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kibondo kabla ya Wilaya ya Kakonko kuanzishwa mwaka 2012. Watoto wengi wa huko hulelewa kwa Kiha, ilhali shughuli za wodini huendeshwa kwa Kiswahili. Mtoto wa miaka mitatu aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri hawezi kueleza vyema maumivu yake kwa lugha yoyote, sembuse lugha asiyoizoea. Makala haya yanafafanua namna muziki na video zinavyoweza kumpa nafuu, na tahadhari inayompasa mtafiti anayeipima nafuu hiyo.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia ya lango. Kwa mujibu wao, taarifa za maumivu hupita katika lango lililo kwenye uti wa mgongo, na ubongo unaweza kulipanua au kulibana. Woga hulipanua; umakini unaoelekezwa kwingine hulibana. Video huteka macho na masikio kwa pamoja, na muziki wa taratibu hupunguza woga. Hata hivyo, hakuna kati ya viwili hivyo kinachoondoa uvimbe wa kidonda. Kwa hiyo hutumika pamoja na dawa, kama vile parasetamoli inayotolewa kwa kuzingatia uzito wa mtoto na saa zake, wala si badala ya dawa.

3.0 Uteuzi wa Muziki na Video

Wimbo wa kubembeleza uimbwao na mama kwa Kiha hauhitaji umeme wala simu, na sauti yake mtoto anaijua tangu uchanga. Kwa upande wa video, katuni ya Akili and Me, inayotengenezwa na Ubongo ya Dar es Salaam, ina toleo la Kiswahili. Kwa mtoto asiyekimudu Kiswahili, vipande vyenye nyimbo na vitendo vinafaa kuliko vyenye mazungumzo marefu.

4.0 Suala la Upimaji

Kipimo cha FLACC, kilichochapishwa mwaka 1997, huangalia uso, miguu, mwenendo wa mwili, kilio na kufarijika. Kila kipengele hupewa alama 0 hadi 2, na jumla huwa 0 hadi 10. Hapa ndipo penye utata: video humnyamazisha mtoto, na kipimo husoma ukimya. Mtoto anayekodolea macho simu, huku amekaza tumbo, aweza kupata alama ndogo na kucheleweshewa dawa. Inapendekezwa apimwe kabla ya video, wakati wa video, na tena baada ya kuzimwa. Aidha, mama aulizwe kwa Kiha hali anayoiona. Alama zikipanda mara video inapozimwa, tafsiri sahihi ni kwamba umakini ulihamishwa tu, na dawa bado inahitajika.

5.0 Hitimisho

Muziki na video ni nyenzo nafuu zinazoweza kutumika hata katika wodi yenye vifaa vichache. Thamani yake kitaaluma, hata hivyo, hutegemea mtafiti kutenganisha mtoto aliyepata nafuu na mtoto aliyenyamaza.